Vidole Visivyosomeka

Kwa miaka mingi, katika ofisi yetu ya Nyeri, kufunga kompyuta ulipoinuka kwenda kunywa chai kulikuwa utovu wa adabu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilijengeka yenyewe, kama yanavyojengeka mambo ya nyumbani: ukiifunga, umemwambia jirani yako wa meza kwamba unamwona mwizi. Mimi mwenyewe, niliyesomea kompyuta chuo kikuu na ninayelipwa mshahara ili nizilinde, niliifunga yangu siku mbili tu za mwanzo. Siku ya tatu karani mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nyumbani kwetu huwa tunafungia sukari kabatini. Sikuifunga tena.

Sitaitaja idara yetu. Yatosha kusema kwamba tunatunza kumbukumbu ambazo watu huzifuata wanapotaka kurithi, kugawana, au kuthibitisha kwamba marehemu fulani alikuwa baba yao. Majalada ya kale yamo katika chumba cha nyuma. Mapya yamo ndani ya kompyuta. Ili mwananchi apewe nakala, ni lazima afisa mmoja aifungue kumbukumbu, aikague na aiidhinishe, na mfumo uandike jina la aliyeidhinisha. Afisa huyo alikuwa mama mmoja aliyekuwa amebakiza miezi minane kustaafu wakati mambo ninayoyasimulia yalipoanza. Ofisi nzima ilimwita Mama. Yeye aliniita Baba, ingawa ananizidi kwa miaka kumi na mitatu, kwa sababu jina langu ndilo jina la baba yake mzazi, na kwetu anayebeba jina la baba yako ni baba yako, hata kama bado anavaa kaptula. Nilipofika ofisini hapo nikiwa na miaka thelathini na kidogo, nimechoka na Nairobi, ndiye aliyenionyesha mahali pa kuning'iniza koti na mtu wa kumwogopa.

Nenosiri lake lilikuwa jina la ng'ombe wake. Tulilijua sote, kwa kuwa tulimjua ng'ombe: tulijua anatoa maziwa kiasi gani, lini aliugua, na nani alimtibu. Mfumo ulipoanza kutulazimisha kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi mitatu, Mama alihamia kwa mtamba, kisha kwa ndama. Ndama alipozaliwa alitangaza habari hiyo wakati wa chai ya saa nne, na kufikia saa tano kila karani aliweza kuingia kwa nenosiri jipya. Mwenye mteja wa haraka alikwenda kwenye meza yake, na kama Mama hakuwapo, alikaa kitini, akaandika jina la ng'ombe, akaidhinisha. Kwa hiyo nakala nyingi zilizotoka kwa jina lake zilikuwa zimetolewa na mikono ya watu wengine. Nilijua hivyo. Kazi yangu ilikuwa kukomesha jambo hilo, nami sikulikomesha, kwa sababu liliendesha ofisi vizuri na kwa sababu nilipenda amani yetu.

Kisha ukaja waraka kutoka makao makuu. Ofisi zote za serikali za kiwango chetu zingeingia katika utaratibu mpya wa ulinzi, ambao msingi wake ni huu: mfumo usimwamini mtu yeyote kwa sababu tu amekwisha kuingia. Zamani tulilinda ofisi kama boma lenye ua mmoja. Ukivuka ua, ndani uko huru. Sasa kila chumba kingekuwa na mlango wake, na kila mlango ungeuliza: wewe ni nani, umetumia mashine gani, unataka nini, na je, hicho ndicho ulichoruhusiwa? Tena ungeuliza kila siku, hata kama jana ulijibu sawasawa. Nilisoma waraka ule kwa furaha ambayo sikumwonyesha mtu. Nilikuwa nimeyaamini mambo hayo tangu chuoni, na hatimaye serikali ilikuwa imenilazimisha kufanya nilichokosa ujasiri wa kukifanya.

Mkuu wetu wa ofisi, bibi mmoja mkakamavu tuliyemwita Madam, aliyehamishwa kwetu kutoka Nanyuki, aliitisha mkutano nikaeleza. Nilipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa karani wa masjala, mzaliwa wa Majengo hapo mjini, Mwislamu, mtu wa mizaha, ambaye Kiswahili chake kilitushinda sote.

“Kwa hiyo tumeambiwa sisi wezi,” alisema.

“Hapana. Mfumo haumwamini mtu yeyote mpaka athibitishe.”

“Basi nifundishe. Mtu asiyeaminiwa na yeyote anaitwaje?”

“Anaitwa mtumishi wa umma,” dereva wa ofisi akadakia kutoka mlangoni, na chumba kizima kikacheka, hata mkuu.

Mama alingoja kicheko kiishe. “Baba, hata mimi nitaulizwa?”

“Hata wewe, Mama.”

“Kila siku?”

“Kila asubuhi, na kila ukirudi kutoka chai. Hata mimi nitaulizwa. Hata Madam.”

“Haya. Miaka thelathini na tatu hapa, na bado sijulikani.”

Walicheka tena, ila yeye alikuwa ameanza kukunja karatasi yake vipande vidogo. Mkuu akafunga mkutano kwa maneno yasiyo na mchezo: “Mwisho wa mwezi, mtu hajasajiliwa atatoka kwa mfumo. Tutamtafutia kazi ingine. Sitaki kuskia ati nilikuwa shamba.”

Usajili wenyewe haukuwa mgumu. Palikuwa na kijisanduku cheusi cha kusoma alama za vidole. Unaweka kidole, taa ya kijani inawaka, mfumo unakujua. Nilianza na ofisi zetu ndogo za nje. Kule Naro Moru niliwasajili watu watatu asubuhi moja mlima ukiwa wazi hadi barafu yake. Mmoja wao, ambaye siku za likizo huwabebea wapandaji mizigo, alikuwa na kidole gumba kilichopasuka kwa baridi, nikamsajili kwa cha pili. Nanyuki walikuwa saba, wakamaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilirudi Nyeri nikijiona fundi. Nakiri kwamba yalikuwa majuma ya raha. Ni nadra mtu wa makamo kufanya kazi ile ile aliyoiota akiwa kijana.

Zamu ya Mama ilikuja Jumatano. Aliweka kidole gumba cha kulia. Taa ikawa nyekundu. Akakipangusa kwenye sketi, akajaribu tena. Nyekundu. Tukajaribu cha shahada, cha kati, cha pete. Karani wa masjala akaleta kikombe cha chai ya moto ili ashike vidole vipate joto. Mtu mwingine akaleta mafuta ya kujipaka. Tulimaliza vidole vyote kumi, tukarudia, na kijisanduku kikakataa kama kinachoambiwa uongo.

Ndipo nikaitazama mikono yake kwa makini, mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. Nyumbani kwake ni upande wa Tetu, kwenye chai. Kila Jumamosi, na kila alfajiri ya likizo, huchuma majani; jioni hukamua kwa mikono; na mchana wa siku za kazi alikuwa amefunua karatasi kwa miaka thelathini na mitatu. Ncha za vidole zilikuwa laini kama mawe ya mtoni, zimepitiwa na mistari myeusi ya utomvu ambayo sabuni haiitoi. Ile michirizi midogo ambayo kila mtu huzaliwa nayo haikuwapo.

“Imekwisha, Mama,” nikamwambia. “Kazi imeimaliza.”

“Kwa hivyo nimejifuta mwenyewe.”

“Mama,” karani wa masjala alisema, “umepoteza bahati. Ungekuwa jambazi, hata pale Kiganjo wanakofunzwa polisi wangekupigia saluti upite.”

Alimpiga begani na karatasi, na sote tukacheka. Lakini watu walipotawanyika alibaki ameketi, mikono mapajani, viganja vikitazama juu.

“Niambie ukweli, Baba. Nitatolewa?”

“Bado tuna siku mbili.”

“Hiyo si jibu. Nitapelekwa wapi?”

Nilijua, kwa kuwa mkuu alikuwa ameniambia. “Dirisha la maulizo.”

Dirisha la maulizo ndipo tunapowaweka vibarua na wanafunzi wa mazoezi. Huko hakuna meza yako wala jina lako. Unawaambia watu mlango uko wapi, na kwamba waje Jumatatu. Mama alikuwa amewafundisha kazi karibu watu wote waliokuwa juu yake. Kwa miezi minane ya mwisho wangempita asubuhi amekaa kwenye stuli.

“Sikutaka kuondoka kwa kelele,” akasema. “Nilitaka tu kuondokea kwa kiti yangu.”

Alhamisi mchana, mkuu akiwa mkutanoni, nilifanya kosa ambalo naliandika hapa bila kulipamba. Mfumo ulinipa uwezo wa kuandika msamaha kwa mashine maalumu, uwezo uliokusudiwa kwa mitambo isiyo na mtu, kama ile ya kuchapisha. Niliandika msamaha kwa kompyuta ya Mama. Mtu yeyote aliyeikalia angeonekana kuwa yeye, bila kuulizwa kitu. Kwenye orodha ya waliosajiliwa nikaweka alama mbele ya jina lake. Kisha nikamwendea nikamwambia nimepata njia.

“Njia gani?”

“Ya kiufundi. Itakujua bila kidole. Usijali.”

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeridhika kama aliyemlipa mama yake shukrani. Nilijiambia kwamba kama kuna mtu mmoja katika nchi hii asiyehitaji kuulizwa, ni huyu. Sikujiuliza ni kwa nini utaratibu mzima ulitungwa. Nilidhani nimeuelewa kuliko waliouandika.

Majuma saba yakapita, na yalikuwa mazuri. Watu waliacha kunung'unika. Walijifunza kuweka kidole huku wakiendelea kuzungumza, kama mtu anavyojifuta miguu mlangoni. Nyakati za chai skrini zilijifunga zenyewe na hakuna aliyeudhika, maana lawama yote ilikuwa ya mashine. Nenosiri la ng'ombe lilisahaulika. Foleni ya wananchi ilikwenda haraka kuliko zamani, jambo lililomshangaza mkuu, naye akanisifu mbele ya watu.

Foleni ilikwenda haraka kwa sababu ambayo nilipaswa kuitambua. Jumanne moja, baada ya chai, Mama alirudi mezani kwake akamkuta karani wa masjala ameketi kitini pake akiidhinisha nakala ya mzee mmoja aliyetoka mbali. Hakuwa akiiba kitu. Mzee alikuwa na haki yake, kitambulisho chake kilikuwa mezani, na karani alikuwa akimwuliza habari za mahindi.

“Umeingiaje hapo?” Mama akamwuliza.

“Nimekaa tu, Mama. Mashine yako ina heshima, haimhoji mgeni. Zetu zina kiherehere.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo! Sote tunakuja hapa ukienda chai. Mbona waniangalia hivyo? Ulidhani nani humaliza foleni?”

Alisema kwa furaha, akiamini anampa habari njema. Mama alimngoja amalize, akamkabidhi mzee nakala yake kwa mikono miwili, kisha akaja chumbani kwangu. Alifunga mlango. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akifunga mlango wa mtu.

“Baba, hiyo kompyuta yangu inauliza watu?”

“Kila mtu anaulizwa kwenye yake, Mama.”

“Nimesema yangu.”

Nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa mezani.

“Ulinifanyia nini?”

Nikamweleza. Nilitumia maneno mepesi, na kila nilipoyafanya mepesi zaidi ndivyo kosa lilivyozidi kuonekana. Nikamalizia kwa kusema nilichokuwa nimejiambia mwenyewe: “Nilikuamini. Najua huwezi kufanya kitu kibaya.”

“Mimi siwezi. Na yule anakalia kiti yangu nikienda choo? Yeye unamjua?”

“Ni wenzetu.”

“Ni wenzetu leo. Jina ya ng'ombe niliwapa mwenyewe, hii hukuniuliza. Wewe unajua nani ataletwa hapa mwezi ujao? Mimi niko na miezi sita. Nikishaenda nyumbani, mtu akuje kwangu na karatasi iko na jina yangu. Aseme, wewe mama, ni wewe ulimpa ndugu yangu karatasi ya baba yetu. Nitamwambia nini? Ati nilikuwa chai?”

“Hakuna kilichoharibika, Mama.”

“Unajua aje?”

Hilo ndilo swali ambalo mimi, kwa elimu yangu yote, sikuwa nimejiuliza. Sikujua. Kwa majuma saba jina lake lilikuwa limeandikwa chini ya kazi ya watu kumi na mmoja, na hapakuwa na njia ya kutenganisha mkono na mkono. Katika ofisi yote, mtu niliyempenda zaidi ndiye niliyemwacha bila ulinzi.

Alikaa kwenye kiti cha wageni. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imetulia.

“Siku ya ruracio yangu, ya kulipiwa mahari, tulifunikwa leso wasichana saba, kutoka kichwa mpaka miguu. Baba ya watoto wangu alikuwa amekula kwetu mara ngapi? Hata mbwa ilikuwa imemzoea. Na bado akaambiwa, tafuta mke wako, ukikosea unalipa mbuzi. Akazunguka mara tatu, watu wakimchekelea. Alikasirika? Alisema tumemdharau?”

“Hapana.”

“Akanijua kwa viatu. Viatu ya kuomba, hata haikuwa yangu!” Alicheka kidogo, nami nikacheka. “Sasa kama mama yangu angemnong'onezea, ni yule wa tatu, hiyo siku ingekuwa na maana gani? Wewe uliinong'onezea mashine, Baba. Hukuniacha nijulikane.”

“Nikiondoa, utatoka kwa mfumo leo leo. Utakaa dirishani.”

“Kwani huko dirishani hakuna watu?”

“Ulisema ulitaka kuondokea kwenye kiti chako.”

“Hicho kiti si changu. Hicho ni cha kila mtu, umeniambia sasa hivi. Toa hiyo kitu. Nikiwa hapa.”

Nikaiondoa. Alikuja nyuma yangu akatazama mstari ule ukifutika, kisha akasema, “Sasa twende kwa Madam,” na hakunipa nafasi ya kutafuta koti.

Mkuu alitusikiliza tukiwa tumesimama. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

“Wiki saba?”

“Ndiyo, Madam.”

“Na wewe ndiye ulisimama pale ukatuambia hata wewe utaulizwa.” Alinyoosha mkono. “Niletee ule waraka. Wote.”

Alivaa miwani, akausoma kuanzia nyuma, kama anavyosoma mtu aliyekaa serikalini muda wa kutosha kujua mambo muhimu huwekwa wapi. Baada ya dakika chache aligeuza ukurasa kunielekea na kuweka kalamu juu ya aya moja. Iliandikwa kwamba mtumishi ambaye alama za vidole vyake hazisomeki kwa sababu ya kazi, ugonjwa au umri, ataombewa ufunguo wa mkononi, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na namba ya siri ajuayo mwenyewe.

“Hapa ulifika?”

“Sikufika, Madam.”

“Nilidhani nyinyi watu wa chuo mnasoma.”

Nilipokea barua ya onyo, nayo imo katika jalada langu hadi leo. Siioni kama dhuluma. Ombi la ufunguo lilipelekwa Nairobi siku hiyo hiyo, na jibu likawa kwamba tungoje. Wakati tukingoja, mkuu aliagiza kila nakala iliyotoka kwenye mashine ile katika majuma saba ilinganishwe na jalada lake la karatasi, na kila karani akumbuke alitoa ipi na atie sahihi. Tulikaa chumba cha nyuma na vumbi lile. Mzaha ulipungua. Karani wa masjala, aliyekuwa ametoa nyingi kuliko wote, alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Lakini zilibaki nakala tisa ambazo hakuna aliyezikumbuka. Zote zilikwenda kwa watu waliostahili. Hata hivyo tulizitazama zile tisa kwa muda mrefu, na karani akasema polepole, “Nisamehe, Mama. Nilidhani nakusaidia.” Mama hakuwapo, alikuwa dirishani. Karani alikwenda kumwambia huko, mbele ya foleni.

Alikaa dirishani majuma matano, na mkuu mwenyewe akawa anaidhinisha nakala mahali pake. Nilikuwa na hofu ya kumpita pale, na asubuhi ya kwanza nilizunguka kwa mlango wa nyuma. Asubuhi ya pili aliniita kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: “Baba! Unapitia nyuma kama mtu anadaiwa nini?” Nikapita mbele. Alikuwa amevaa sweta yake ya kanisani na ameagiza stuli iondolewe, akaletewa kiti chenye mgongo. Watu walioambiwa siku zote waje Jumatatu walianza kuondoka na majibu, kwa kuwa alijua ndani ya kila jalada kuna nini kabla halijaletwa.

Siku moja nilimsikia akimwomba kitambulisho mwanamke mmoja wa kanisa lake, jirani ambaye shamba lake linapakana na lake.

“Wee, Mama! Mimi unaniuliza kitambulisho? Si jana tulikuwa na wewe kwa mazishi?”

“Tulikuwa. Na ulipika vizuri. Leta kitambulisho.”

“Ai! Serikali imekuharibu.”

“Hata mimi naulizwa, na sina vidole. Leta.”

Mwanamke aliitoa kadi kutoka kwenye leso alimofungia vitu vyake, akiwa nusu amenuna, nusu anacheka.

Ufunguo ulifika ndani ya bahasha ya kahawia. Ulikuwa mdogo kama punje ya maharagwe makubwa, na nilimkabidhi mbele ya mkuu, kwa daftari na sahihi. Aliuvaa shingoni kwa uzi ndani ya sweta. Akaketi mezani kwake, akauchomeka, akaikinga kibodi kwa mkono mmoja kuificha namba anayoiandika, na mimi nikageuka ukutani bila kuambiwa. Skrini ikafunguka kwa jina lake. Alivuta jalada la kwanza lililokuwa juu ya rundo, akalikagua ukurasa kwa ukurasa, na kuliidhinisha. Saa nne ilipogonga, alichomoa ufunguo, kompyuta ikafunga, akaenda kunywa chai. Karani wa masjala alimtania kwamba sasa ana kidani cha bibi harusi. Alimwambia anyamaze, apitishe viazi vitamu.

Miezi iliyobaki ilipita bila jambo la kusimulia, na hilo ndilo jambo zuri ninaloweza kulisema juu yake. Kila nakala iliyotoka kwa jina lake ilitoka mkononi mwake. Foleni ilikuwa ndefu kidogo kuliko wakati wa kosa langu. Watu walinung'unika kidogo, wakazoea. Mimi nilianza kusoma nyaraka hadi ukurasa wa mwisho, tabia niliyochelewa kuipata.

Siku yake ya kustaafu, baada ya keki na hotuba, alikuja chumbani kwangu saa tisa, akauvua ufunguo shingoni na kuuweka mezani.

“Unanitoa sasa?”

“Nilitaka kungoja jioni, ukishaondoka.”

“Hapana. Toa nikiona.”

Nikaifunga akaunti yake. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia, mbofyo mmoja na swali moja la kama nina hakika. Nikajibu kwamba ninayo.

“Imetoka?”

“Imetoka.”

“Mimi siwezi kuamini tu,” akasema, akauchukua ufunguo kutoka mezani kwangu.

Tulikwenda pamoja hadi kwenye meza yake ya zamani. Hakuketi. Aliinama, akauchomeka, akaandika namba yake. Skrini ikamwambia kwamba haina mtu wa namna hiyo. Alisoma maneno yale kwa sauti, polepole, kama anayesoma tangazo la arusi. Karani wa masjala na wengine walikuwa wamesimama nyuma yetu, na sikuona aliyejua kama inafaa kucheka.

“Basi,” Mama akasema, na uso wake wote ulikuwa umetulia. “Kuanzia leo kitu ikitoka hapa, si mimi.”

Akajaribu mara nyingine, kuhakikisha, ikamkataa tena. Kisha akauchomoa ufunguo, akanipa, akaniomba kalamu ili atie sahihi ya kuurudisha.